Vidole Viwili Chini ya Futi

Nilikwenda milimani kwa udadisi tu. Jirani yangu wa Kihonda, Fidelia, hupima miti mirefu ya msituni kila baada ya miaka kadhaa, ajue imenenepa kiasi gani na imeweka akiba ya kaboni kiasi gani. Safari hii msaidizi wake aliugua, naye Fidelia akaja kibandani kwangu ninaposhonea.

"Fundi, si unashinda na futi kamba shingoni? Twende Matombo."

Nimepima viuno vya watu tangu ujana. Kiuno cha mti sijawahi. Nikaifunika cherehani.

Asubuhi tulishika barabara ya Kiroka. Nilimsumbua kwa maswali: hiyo kaboni inaingiaje mtini?

"Kwa majani. Mti unavuta hewa, unaigeuza mwili wake. Ukiuchoma, inarudi angani."

Pikipiki ikatupita na magunia ya mkaa, nikayatazama kwa macho mengine. Ndipo akanieleza linalomnyima raha. Kwenye shamba la ukoo wa mama yake, nje ya hifadhi, kuna mkangazi mkubwa anaoupima tangu alipoanza kazi. Katika vipimo viwili vya mwisho haukuongezeka. Mjomba wake, Mzee Kolumba, ndiye mwenye kauli juu ya shamba, naye anataka milango ya nyumba mpya. Amekwisha kusema: mti usiokua ni mbao.

Matombo tulifika mchana. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia, kisha utani ukaanza, maana mimi ni Mnyamwezi na Waluguru ni watani zetu.

"Mnyamwezi, umefuata ndizi zetu?"

"Nimekuja kuona mnakula nini hata mkawa wafupi hivi."

Alicheka. Alikuwa amevaa suruali ya kijivu niliyomshonea kwa harusi ya Fidelia.

Chini ya mkangazi niliinua uso, nisikione kilele. Mizizi yake imesimama kama kuta, kwa hiyo hupimwa juu yake, penye mstari wa rangi nyekundu. Nikapanda ngazi, nikaizungusha futi ndefu kwa kijiti chenye panda, nikasoma kwa sauti. Fidelia alilinganisha na kipimo cha zamani, akapiga kigelegele.

"Umekua, Mjomba!"

Mzee akaguna. "Basi uishi," akasema, akaenda kututafutia ndizi za kuchoma.

Alasiri tulipima miti mingine. Kila mmoja ulikuwa umenenepa, na furaha ya Fidelia ikaanza kupungua. Miti yote haiwezi kunenepa sawasawa kama iliyokula karamu moja. Akaja kusimama ubavuni kwangu.

"Fundi, hivyo vidole vinafanya nini humo?"

Nikatazama. Vidole viwili vilikuwa chini ya futi, kama ninavyoviweka kwenye kila kiuno ili mtu apate kupumua. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamnong'oneza kwamba mzee amekwisha kukubali, tunyamaze.

"Nikiudanganyia ule mkangazi mmoja," akasema, "hiyo mingine nitaisema nini?"

Tukarudi kwenye mkangazi. Mzee alikuja na ndizi zake, akanikuta juu ya ngazi, vidole nje. Kipimo kilikuwa kilekile cha zamani.

"Kwa hiyo haukukua."

"Haukukua, Mjomba." Fidelia akauwekea mti kiganja. "Lakini ulichokula miaka yote bado unacho tumboni. Ukipasuliwa na matawi yakachomwa, ndipo utaanza kukitapika."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa akiupima mti kwa macho, na niliona anahesabu milango. Mtu mwingine asingethubutu, lakini utani una ruhusa yake.

"Mzee Kolumba, suruali hiyo bado inakutosha?"

"Barabara kabisa. Kwa nini?"

"Basi na wewe hukui tena. Tukupasue lini?"

Alikunja uso, nikajua nimevuka mpaka. Kisha akacheka mpaka ndizi moja ikamwanguka. Hata hivyo hakuahidi kitu, na tulirudi mjini bila jibu.

Nilichojifunza ni kwamba nguo hutaka nafasi ya kupumua, kipimo cha mti hakitaki. Tangu hapo, mteja akiniuliza kama amepungua, navitoa vidole kwanza.

Juzi Mzee Kolumba alinipigia simu. Anataka suruali nyingine, kiuno kilekile.

"Na milango?" nikamuuliza.

"Nimenunua ya bati," akasema. "Mwambie mpwa wangu aje aupime tena mkangazi."