Ng'ombe Waliokanyaga Kaburi la Askari

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu ya ng'ombe. Nilikuwa msichana wa kuolewa, mdomo mrefu kama huo wako, na Mjerumani bado anatawala huku kwetu Ugogo, upande wa Kongwa. Sogea basi, sauti yangu haifiki mbali siku hizi.

Vita vya Wazungu vilikuwa vimeanza. Ng'ombe walichukuliwa wakawe kitoweo cha askari, na vijana walichukuliwa wakabebe mizigo. Aliyebakiwa na ng'ombe aliwaficha bondeni kwenye miiba, asimwambie hata mkwewe. Baba yangu, Mzee Malogo, alikuwa na wachache huko. Mvua ilikuwa imegoma, uwele umekwisha ghalani, na tuliishi kwa maziwa yao tu.

Basi akafa Chilewa. Alikuwa mtoto wa jirani yetu, askari wa Mjerumani kwa miaka mingi. Enzi za bunduki yake alikuja hapahapa kwao kudai kodi, akamlaza baba yangu kifudifudi, akamchapa kiboko mbele ya wake zake. Vita vikamnyang'anya mguu, na wakubwa zake wakamrudisha kwa mama yake na koti moja la kaki. Hatukwenda hata kumjulia hali. Aliye juu mngoje chini, tulisema. Tukamngoja, na kweli akashuka.

Mama yake alitoka nje ya tembe akapiga yowe la msiba. Hakuna aliyeitikia. Weee! Huku kwetu yowe lile humkuta mtu na tonge mdomoni akalitema na kukimbia. Siku hiyo kila mtu alijifanya kiziwi, na mimi nikiwamo.

Wewe hukuzikuta desturi za Wagogo wa zamani. Mwenye mji alivikwa ngozi ya ng'ombe, akazikwa zizini, kisha ng'ombe wakaingizwa wakanyage udongo mpaka ukae sawa. Hapo amelala katikati ya mali yake, mtu kamili. Asiye na wa kumzika alitupwa porini, fisi wakammaliza. Na zizi la yule mama lilikuwa limeota nyasi. Ng'ombe wake nao walichukuliwa, mguu alioupoteza mwanawe vitani usimsaidie kitu.

Akaja kwetu, akapiga magoti mbele ya baba. "Malogo, alilokutenda mwanangu unalijua, nami nalijua. Ila usimwache aliwe na fisi."

Nikadakia mimi: "Si awaite Wajerumani wake waje wamzike?"

"Nimewatumia habari bomani, binti yangu," akajibu bila hasira. "Nilidhani watampigia hata tarumbeta. Hawajaja."

Baba akanigeukia. "Funga mdomo wako! Maiti haulizwi sanda, wewe unataka kumwuliza makosa? Aliyenichapa alikuwa na bunduki. Huyu aliyelala kule hana hata miguu miwili. Nikimwachia fisi, mimi na yeye tuna tofauti gani?"

Akachukua jembe, akaondoka. Hakumwita mtu. Kaka yangu Sudayi akamfuata akinung'unika, na walipoanza kuchimba wakatokea majirani wawili, mmoja baada ya mwingine, majembe begani. Wote hao waliwahi kuonja kiboko cha Chilewa. Baba akaleta ngozi aliyokuwa akiilalia yeye mwenyewe, wakamvika maiti. Mama yake alikuwa amekwisha kulivua lile koti la kaki, akasema, "Mzikeni kama Mgogo."

Walipokwisha kufukia, yule mama akasema inatosha, Mungu awalipe. Baba akaliangalia zizi lile tupu, akamwambia Sudayi, "Kawalete ng'ombe."

"Baba, mchana huu?"

"Kawalete. Kama ni kumzika, tumzike."

Wakaja, mbavu nje, wakazunguka juu ya udongo ule. Wanaume wakaimba majina ya ukoo wa Chilewa, na yule mama akasimama wima kwa mara ya kwanza siku ile. Nikajikuta nalia. Nilimlilia mtu niliyemchukia, na sikuona aibu.

Ndipo walipotokea askari wa boma. Kumbe habari ilikuwa imefika. Wakajipanga zizini, wakapiga tarumbeta, wakafyatua bunduki hewani kumuaga mwenzao. Kisha mkubwa wao akauliza, "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Askari hawakungoja jibu. Wakawaswaga wote. Na kwa kuwa ng'ombe wanataka wachungaji na vita vinataka wapagazi, wakamfunga kamba Sudayi pamoja na wale majirani wawili. Baba wakamwacha kwa uzee wake. Mama Chilewa akamshika yule mkubwa miguu: "Mmekuja kumheshimu mwanangu!"

"Tumekwisha kumheshimu, mama," akasema, akajinasua.

Sudayi hakurudi. Wale wawili hawakurudi. Njaa ilipokaza hatukuwa na maziwa, na mdogo wangu wa mwisho akatutoka. Nilimwuliza baba kama anajuta. Alikuwa amekaa mlangoni, amedhoofu, naye akajibu polepole: "Ng'ombe nawajutia. Mwanangu namjutia kila ninapopumua. Kumzika yule sijutii. Huko alikoangukia Sudayi, watu walimwona ni mtu wa Mjerumani, aliyekuja kula chakula chao. Namwomba Mungu iwe alikuwepo mmoja aliyechukua jembe."

Hatukupata kujua kama alikuwepo.

Watu husema wema hauozi. Wetu ulioza mbele ya macho yangu, mwanangu, na mimi sikulei kwa uongo. Kwa hiyo sikwambii utende wema ili ulipwe. Nakwambia ukisikia yowe, nenda. Usipime kwanza aliyekufa alikuwa nani, wala usingoje kuitwa. Mimi kila msiba ninaofikia, hata wa mtu nisiyemjua, naomba nishike jembe kidogo, kwa ajili ya kaka yangu. Wananicheka, kikongwe anachimba nini? Waache wacheke.

Nenda sasa, jua linachwa. Mungu akupe mvua, akupe watoto, akuzeeshe. Na popote utakapoangukia, hata ugenini, hata wakikuchukia, asikose mtu wa kukufukia.