Lebo Mbili za Wimbo Mmoja

Jumapili moja baada ya ibada, mama anayeongoza kwaya yetu alinifuata hadi nyumbani. Hakuwa na kawaida ya kuja. Tangu mke wangu afariki, watu wa kwaya hunisalimia palepale kanisani, wananiuliza kama nimelala salama, kisha kila mmoja anashika njia yake. Nilimpa kiti barazani, nikamletea maji. Alikunywa kidogo, akaniambia kwamba nyimbo nilizompa zina kasoro.

Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa sikukuu yake, na walitaka kila mwimbaji awe na nyimbo zote za zamani kwenye kle, kile kidude cha kuchomeka kwenye redio au kompyuta. Kazi hiyo waliniachia mimi, kwa kuwa ndiye niliyewarekodi miaka yote, tangu nikiwa mwalimu upande wa Mulungwishi. Nilianza na kaseti, na baadaye nikazihamishia kwenye kompyuta. Mke wangu aliimba sauti ya pili. Mimi sina sauti; nilikaa chini mbele yao nimeshika kinasa.

"Papa," mama yule akasema, "ku telefone majina ya nyimbo iko muzuri. Lakini mu motokari yangu, redio inaandika maneno ingine. Wimbo wa kumushukuru Mungu unaanza, redio inaandika: Kiatu yangu ilibakia mu matope. Batu banacheka. Minye nilizani ni virusi."

Nilimwambia nitatazama. Akaniomba nisafishe kila kitu, libaki jina la wimbo na jina la kwaya, basi. Alikuwa na haraka, hakukaa.

Faili la wimbo halibebi sauti tu. Linabeba pia lebo yake: jina la wimbo, waimbaji, mwaka. Nilichokuwa sikijui ni kwamba faili moja laweza kubeba lebo mbili, moja kichwani, na nyingine ya mtindo wa zamani mkiani. Simu yangu husoma ya kichwani. Redio ya gari la mama yule, kwa kuwa ni kuukuu, husoma ya mkiani. Lebo zikipingana, hakuna anayekuonya. Kila chombo kinakuonyesha lebo kiliyoisoma, na unaamini ndiyo yote.

Kesho yake, umeme uliporudi, niliweka programu inayoonyesha lebo zote mbili ubavu kwa ubavu. Kushoto palikuwa na majina niliyoyaandika mimi. Kulia palikuwa na haya: Mvua ya Mulungwishi ilitupiga. Samaki ya Tshangalele ya bure. Niko na mimba, siyasema bado.

Sikuhitaji kumuuliza mtu ni maneno ya nani. Mke wangu hakuwa anashika majina ya nyimbo. Alishika siku tulizozirekodi: njia ilikuwaje, tulikula nini, nani alichelewa.

Nikaanza kuelewa jinsi ilivyotokea. Mimi niliandika majina kwenye kompyuta ya shule, kisha nikayaleta mafaili nyumbani, kwenye ile kompyuta kubwa ya mtumba tuliyokuwa nayo sebuleni. Nikiwa kazini, yeye aliiwasha na kusikiliza huku akichambua mboga. Nilishamwonyesha mahali pa kuandika jina la wimbo. Programu ya pale nyumbani ilikuwa ya zamani sana, ikawa inaandika mkiani na kusoma mkiani. Yangu ilisoma kichwani. Hivyo yeye aliyaona maneno yake kila siku, na mimi sikuyaona hata mara moja.

Jioni moja ya miaka hiyo, tukingoja bukari, ugali wetu, uive, aliniuliza, "Uliona vile niliandika mu nyimbo?"

Nilidhani amenakili majina kutoka kwenye karatasi ya kwaya. Nikamjibu, "Niliona. Iko bien, muzuri."

Alisimama kidogo na mwiko mkononi, kama mtu anayengoja neno la pili. Halafu akageukia sufuria. Hakuniuliza tena. Sasa, nikiwa peke yangu mbele ya ile orodha, ndipo iliponijia kwamba huenda aliishi miaka yote iliyofuata akiamini nimesoma kila kitu, matope, samaki na mimba, na kwamba sikuwa na la kusema.

Lebo ya mkiani ni fupi. Maneno yakizidi nafasi, hukatwa bila huruma. Nyingi zilitosha, lakini moja ilikatika hivi: Niliimba na hasira sababu weye

Nilikaa nayo siku kadhaa. Niliusikiliza wimbo wenyewe nikitafuta hasira katika sauti ya pili, sikuipata. Mwishowe nikaenda kwa mdogo wa mke wangu anayekaa Kikula, ambaye naye aliimba siku hiyo. Nilimsomea. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, ile siku aliimba muzuri kabisa," akasema. "Yaya alikuwa anafungaka mambo mu roho. Hata minye hakuniambiaka."

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa. Alimtaja hivyo kana kwamba yuko chumba cha pili. Alinipa chakula, tukazungumzia bei ya mkaa na afya ya watoto wake, nikarudi kwa miguu. Njiani nilijaribu kukumbuka nilichokosa siku ile. Yaliyonijia yalikuwa mengi, na lolote kati yao lingeweza kuwa ndilo.

Nilitengeneza nakala mbili. Za kwaya nilizisafisha kama nilivyoombwa. Programu ina kitufe cha kufuta lebo zote kwa mkupuo. Sikukibonyeza, nilizitoa moja moja, nikisoma kila moja kabla ya kuiondoa. Kwenye nakala zangu niliyapandisha maneno yake kichwani, yaonekane kwenye simu, na lile lililokatika nikaliacha limekatika. Mama wa kwaya aliposikiliza, alinishukuru sana, akasema sasa redio yake ina adabu.

Binti yetu anaishi Lubumbashi. Alipopiga simu nilimtumia nakala zangu bila kumweleza kitu. Alirudi kupiga kesho yake mchana.

"Papa," akasema, "ile ya mimba. Ilikuwa ni minye?"

Mama yake hakuwa ameandika mwaka popote. Nikafungua lebo yangu ya wimbo huo kwenye faili la awali, ile kavu yenye jina la wimbo, jina la kwaya na mwaka, nikautafuta mwaka. Ulikuwa ule aliozaliwa yeye.

"Ni weye," nikamwambia.

Aliniomba niuchezeshe. Niliiweka simu karibu na spika, tukausikiliza, yeye kwake na mimi kwangu. Kabla ya kiitikio cha mwisho uniti zake za simu zikaisha. Nilingoja kidogo kama atapiga tena, kisha nikaketi, nikausikiliza hadi mwisho.