Kalenda Zilizotupeleka Ziwani

Wiki iliyopita nilishuka mjini kuchukua kadi za mwaliko wa harusi ya rafiki yangu. Siku hizi naishi Kilimani na River Road naifikia mara chache, lakini bado naamini hakuna mahali Nairobi wanapochapa kadi vizuri na haraka kama pale. Nilikuwa napita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi wakati jamaa wawili walipokunjua turubai jipya hapo nje ili mteja alikague. Harufu yake ikanipiga usoni, ile harufu nzito ya mafuta na mpira, ya kitu ambacho hakijawahi kunyeshewa. Nikasimama pale pale. Mtu wa mkokoteni akanipigia kelele nyuma, "Siste, songa!" Nikasonga, lakini tayari nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka minane, nimeketi juu ya magunia ya unga, turubai limenifunika kichwa, na mama yangu yuko kando yangu haongei.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa.

Tuliishi Ngara, orofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazama uani, mahali majirani walipoanika nguo na kujadili maisha ya kila mtu. Baba alikuwa mchapaji. Alikuwa na chumba kimoja River Road, na humo alichapa kadi za harusi, programu za mazishi, vitabu vya risiti, na mwaka ulipokaribia kuisha, kalenda. Wino haukutoka vidoleni mwake hata Jumapili. Ungefungua kitabu chetu cha nyimbo za kanisa ungejua ni kurasa gani alizishika. Mama alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa karibu na dirisha. Nililala na kuamka kwa mlio wake, na hadi leo nikisikia cherehani ya miguu mahali nahisi usingizi.

Mwaka ule Mama alikuwa mjamzito. Niliambiwa nitapata ndugu, nami nikajiandaa vilivyo. Nilimtengea upande mmoja wa kitanda, tena ule wa ukutani ambao niliupenda, na nikalitangazia darasa zima. Kisha asubuhi moja Mama akapelekwa hospitali, na aliporudi tumbo lilikuwa limeisha na mikono yake ilikuwa mitupu. Baba aliniita jikoni akanieleza kwamba mtoto alizaliwa, akaishi siku moja tu, akaenda kwa Mungu. Nakumbuka nilimuuliza kama atarudi akishakua. Baba akafungua mfereji, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Watu walikuwa wema kwetu, lazima niseme hivyo. Majirani walileta uji, ndizi, sukari. Wamama wa kanisa walikuja na kuimba. Lakini wema wao haukujua mahali pa kuishia. Miezi ilipita na bado Mama hangeweza kushuka ngazi bila mtu kumshika mkono na kumwambia, "Pole sana, Mama Nekesa," kwa ile sauti ya chini inayotumika wodini. Mwenye kibanda cha mboga alimwongezea sukuma bure huku akitikisa kichwa. Kila Jumapili aliombewa kwa jina, na watu wakageuka kumtazama. Taratibu akaacha kanisa, akaacha soko, kisha mlio wa cherehani nao ukakoma. Wateja walikuja kuuliza sare zao, wakaambiwa wasubiri. Mimi nilianza kutumwa dukani kwa kila kitu, na kwa kweli nilijiona nimekuwa mtu mkubwa.

Jioni moja, tukila ugali na omena, Baba akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Shule zikifungwa tutaenda kutembea."

"Bungoma?" nikauliza, kwa sababu mtu wa kwetu akisema anaenda mahali Desemba, ni nyumbani kwao anaenda.

"Hapana. Ziwa Turkana."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

Habari hiyo ilishuka ngazi haraka kuliko sisi wenyewe. Mama Njoroge wa orofa ya chini, aliyetupenda sana na kutuchunguza vile vile, alimsimamisha Baba mlangoni. "Baba Nekesa, ati Turkana? Kwani mmekosana na watu wenu? Huko si ni jua na mawe tu?"

"Ndiyo," Baba akamjibu. "Tunaenda kuona hayo mawe."

Jinsi alivyoipanga safari hiyo nilikuja kujua baadaye, na ni jambo linaloonyesha Baba alikuwa mtu wa aina gani. Hatukuwa watu wa likizo. Likizo ilikuwa kitu cha watu wanaoonekana kwenye picha za kalenda, wamekaa kwenye viti vya kulala kando ya maji. Lakini mmoja wa wateja wake alikuwa Mzee Guyo, mtu wa Marsabit aliyekuwa na lori. Alipeleka unga na sukari Loiyangalani, kando ya ziwa, na kurudi na samaki wakavu. Mzee Guyo alitaka kalenda za kuwagawia wateja wake. Baba akamwambia asimlipe pesa. Ampe nafasi ya watu watatu kwenye lori, kwenda na kurudi. Mzee Guyo alicheka mpaka akashika meza, kisha akakubali.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Muhula ule nilikuwa nimeshika nambari tatu darasani, na hiyo, kwa akili yangu, ndiyo ilikuwa sababu ya safari. Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ananituza. Niliwaambia pia kwamba tutakutana na simba, na kwamba nitamletea kila mmoja kitu.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa tayari mlangoni, chapati zimefungwa kwenye leso na dumu la maji limejaa, Mama aliketi kitandani na gauni lake la nyumbani. "Nenda na mtoto," akamwambia Baba. "Mimi nitabaki nichunge nyumba."

Baba alimtazama kidogo. Kisha akaketi kwenye kiti, akaanza kufungua kamba za viatu. "Basi tutabaki wote," akasema. Hakuwa na hasira. Alivua kiatu kimoja akakiweka chini ya meza, akaanza cha pili.

Hapo ndipo nilipolia. Yalikuwa machozi ya mtu anayeona aibu inamkaribia: nilikuwa nimelitangazia darasa zima! Nililia kwa sauti ya kuamsha jengo, nikasema maneno kuhusu simba na zawadi na nambari tatu. Mama akanitazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mtu kulia mbele yake kwa jambo lisilomhusu.

"Nyamaza," akasema. "Utaamsha watu." Kisha akasimama, akatafuta kitambaa chake cha kichwa, akalibeba furushi la chapati yeye mwenyewe. Baba alivaa viatu haraka sana, kamba moja akaisahau ikining'inia mpaka tulipofika kwenye lori.

Njia ilikuwa ndefu kuliko kitu chochote nilichowahi kukijua. Tulipita Nyahururu kukiwa na ukungu. Maralal tulilala katika darasa la shule ya kanisa, kwa hisani ya katekista aliyefahamiana na Mzee Guyo, na baridi ilikuwa kali hata tukalala na viatu. Baada ya hapo barabara ikawa mawe, na mawe yakawa meusi, na kijani kibichi kikabaki Nairobi. Tulikula chapati mpaka zikakauka, kisha tukazichovya kwenye chai ya rangi. Lori lilirusha magunia na sisi juu yake. Kila tuliposimama, watu walitusalimia, wakauliza tunatoka wapi, wakashangaa kwamba hatukuwa na duka, wala mkutano, wala mgonjwa tunayemwendea. "Mnaenda tu?" waliuliza. "Tunaenda tu," Baba alijibu, akaendelea kupiga mluzi wake. Nilimwona Mama akianza kutazama nje.

Kisha adhuhuri moja lori likapanda kilima cha mawe na Mzee Guyo akazima injini ili tuone. Chini yetu kulikuwa na maji yasiyo na mwisho, ya rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye kalenda yoyote ya Baba. Hayakuwa ya buluu wala ya kijani. Upepo ulivuma kwa nguvu mno hata ilitubidi kupiga kelele tukitaka kusikizana.

Loiyangalani tulipanga chumba kwa mama mmoja wa Kiturkana, jina lake Akiru. Kilikuwa kibanda cha makuti ya mikoma, kina vitanda viwili vya kamba, na mlango wake ulifungwa kwa jiwe. Akiru alikuwa mrefu, mwenye shanga shingoni na sauti nzito, na Kiswahili chake kilikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa jambo. Siku ya pili nilikuwa nimekaa karibu naye na Mama wakitengeneza samaki. Alikuwa anamwonyesha Mama jinsi ya kuwapasua ili wakauke vizuri, na Mama, aliyekuwa hajashika kazi kwa muda mrefu, alikuwa na kisu mkononi.

"Watoto yako ni ngapi?" Akiru akamuuliza. "Ni huyu tu?"

Nilisubiri aseme ndiyo. Ningesema ndiyo.

"Wawili," Mama akajibu.

"Huyo mwingine uliacha wapi?"

"Alikufa. Mdogo. Alizaliwa tu."

Nilikaza mwili nikisubiri ile sauti ya wodini. Akiru hakusema pole. Aligeuza samaki, akampasua, akamlaza juu ya jiwe, kisha akamtazama Mama.

"Jina yake nani?"

Ndugu zangu, mimi sikujua alikuwa na jina. Kwetu Ngara hakuna aliyeuliza; walimwita "yule malaika", au hawakumwita kabisa. Mama akamlaza samaki wake juu ya jiwe.

"Simiyu," akasema. "Anaitwa Simiyu. Ni jina la mtu anayezaliwa wakati wa kiangazi."

"Kiangazi?" Akiru akashangaa, akageuza macho kuyatazama mawe, jua na vumbi pande zote. "Basi huyo ni mtoto ya huku!"

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, na nyuma yake kikaja kilio, vyote viwili pamoja, kisu bado mkononi. Akiru hakumnyamazisha wala hakumshika. Aliendelea na samaki wake, akisimama mara moja moja kuuliza jambo: alifanana na nani, alilia, alikuwa na nywele? Mama alijibu kila swali. Ndivyo nilivyojua kwamba ndugu yangu alikuwa na nywele nyingi, na paji la uso la Baba.

Jioni hiyo Mama aliingia ziwani na nguo zake, pale walipooga wanawake wa kijiji, mpaka maji yakamfika kiunoni. Baba, ambaye hakujua kuogelea na aliogopa hata beseni lililojaa sana, alikimbia ukingoni akipiga kelele, "Mama Nekesa! Mamba! Kuna mamba!" Wanawake wakamcheka. Mama alimrushia maji.

Nisiwadanganye kwamba alipona siku hiyo. Tuliporudi kuna siku alikaa kimya, na kuna siku alifunga mlango Mama Njoroge akibisha. Lakini shule zilipofunguliwa cherehani ilikuwa inalia, na wateja walipata sare zao. Baadaye alizaliwa Wafula, mdogo wangu, na Mama akawa akiulizwa ana watoto wangapi, anasema watatu, na anawataja wote kwa majina.

Nilipotoka River Road siku ile sikurudi Kilimani. Nilikwenda Uthiru, wanakoishi wazazi wangu siku hizi. Mama alikuwa kanisani kwenye mkutano wa wamama. Baba alikuwa amekaa nje akipukuchua maharagwe. Nikamwambia kwamba ile ndiyo likizo nzuri kuliko zote nilizowahi kwenda, na ya bei nafuu kuliko zote.

"Haikuwa likizo," akasema.

"Ilikuwa nini?"

Akatupa ganda tupu kando. "Pale Ngara kila mtu alikuwa anamlilia. Ningempeleka Bungoma, huko ndio wangemlilia zaidi. Nikafikiria, ni wapi hawatujui kabisa? Guyo akaja na hiyo maneno ya kalenda."

"Na mimi? Si ilikuwa zawadi yangu ya nambari tatu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ungeachwa na nani?"

Tulicheka sana. Kisha nikamuuliza alijuaje kwamba safari ingesaidia.

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa na woga, Nekesa. Nimechukua mtu ana uchungu, nimempandisha juu ya lori, nampeleka jangwani. Kila mahali tuliposimama nilikuwa nataka kumwambia Guyo atushushe turudi."

"Lakini ulikuwa unapiga mluzi. Nakumbuka vizuri. Njia nzima."

"Ee," Baba akasema, akichukua ganda lingine la maharagwe. "Ni huo woga."