Almasi na Karatasi ya Baba

Harufu ya gundi ikichanganyika na dawa ya kuchua hunirudisha kwenye meza yetu ya jikoni, Louisville, Marekani, majira ya baridi ya mwaka 2015. Nilikuwa na miaka kumi. Upande wangu wa meza lilikuwepo bango la kazi ya shule kuhusu Koh-i-Noor, almasi ya kifalme ambayo jina lake maana yake ni Mlima wa Nuru. Upande wa pili Baba alikuwa ameulaza mkono wake wa kulia, umefungwa bendeji. Mashine ilikuwa imembana vidole viwili kwenye ghala alikofanya kazi tangu tulipofika kutoka Kivu.

Almasi ile ilinipumbaza. Wafalme wa India waliimiliki, mshindi kutoka Uajemi akaichukua, ikapita Afghanistan, ikafika Punjab, na kila ilikopita watu walikufa. Mwishowe ikawa ya mfalme wa miaka kumi, rika langu. Waingereza walimtenga na mama yake, wakamwekea mkataba mbele, akatia sahihi, na almasi ikaenda kwa malkia wao. Nilimchukia mtoto yule. Niliandika kwenye bango kwa kalamu nyekundu: mjinga, kwa nini hakusoma?

Siku hiyohiyo, Jumamosi, msimamizi wa ghala alibisha hodi, na karatasi tatu za Kiingereza mkononi. Kwetu, kama kwa Wakongo wengi wa mtaa ule, mtoto ndiye aliyesoma barua za wakubwa. Baba akanisogezea.

"Bon, mama, soma yote," akasema. Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Donc, wanasema nini?"

Ukurasa wa kwanza niliuweza. Wa pili ulijaa herufi ndogo na maneno nisiyoyajua. Gundi yangu ilikuwa inakauka, na niliona aibu kusema sijui mbele ya yule mzungu. Nikauruka.

"Wanasema pole, Papa. Ukipona utarudia kazi. Ni bien, weka tu sahihi."

Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi nje.

Karatasi ilisema aliumia nyumbani. Matibabu yakakatwa, kazi ikaisha. Tulihamia Columbus kwa shangazi, tukabanana chumba kimoja, kisha Buffalo, East Side, ambako Mama alipata kazi ya kutunza wazee. Miaka yote Baba aliilaumu kampuni. Nilipoisoma nakala ya karatasi ile nikiwa na miaka kumi na tano, nililia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Sijamwambia mpaka leo.

Sasa mimi ni mkalimani hospitalini, na nasoma kila neno mara mbili hadi wagonjwa wanachoka nami. Yule mfalme nimeshamsamehe. Waliomshikisha kalamu walikuwa watu wazima. Mwenyewe sijajisamehe. Kila barua ikifika, Baba huniletea hadi kwangu North Buffalo, ameishika kwa vidole vile visivyokunjika.

"Soma, mama," husema. "Weye haukoseake hata neno moja."