Mabuti ya Baba

Baba yangu ni mbishi, tuanzie hapo. Amekuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji tangu sijazaliwa, na katika seti zote za herufi za mbao zilizomo mle anaipenda moja tu: zile nene zenye miguu ya mraba. Anaziita mabuti. "Hebu tazama," ataniambia, "hazina mahali pembamba. Karatasi iwe mbovu, wino uwe mzito, hazikatiki. Unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara." Matangazo ya minada, mabango ya mechi, vibao vya HATARI, vyote kavivalisha mabuti. Hata kadi za harusi yangu alitaka hivyo hivyo. Nikamwambia, baba, mimi naolewa, sipigwi mnada!

Macho ya mama yalipoanza kufifia, daktari alituonya: akishindwa kusoma hata herufi kubwa, mleteni upesi, mkichelewa hatutayaokoa. Baba akaenda kumchapia lebo za makopo ya jikoni. SUKARI, UNGA, MAJANI, nene hizo! Kila Jumamosi mama alisimama mbele ya rafu akasoma kopo moja baada ya jingine, baba pembeni meno yote nje.

Mimi roho haikutulia. Nilimwona mama akipapasa mlango, akimimina chai nje ya kikombe. "Mama, twende kwa daktari."

"Ya nini? Si nasoma?"

Baba naye akadakia, "Mabuti yangu anayasoma, wewe unataka nini? Usituletee uchuro hapa."

Jumamosi iliyopita lebo ya chumvi ilikuwa imelowa, baba akabandika mpya. "Nimeiweka sawa, mama watoto?"

Mama akaigeukia. "Chumvi. Sawa kabisa, imenyooka."

Nikatazama. Lebo ilikuwa kichwa chini, miguu juu. Baba simlaumu. Wapanga herufi husoma mistari ikiwa imepinduliwa, ndiyo kazi yao kutwa nzima, na kwake juu na chini ni mamoja. Lakini mama hajawahi kupanga herufi hata siku moja.

"Baba, umeigeuza."

Akacheka, akaanza kuibandua. Halafu mkono ukasita. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Jamani, niliogopa.

"Mke wangu," akasema polepole, "huzioni tangu lini?"

Mama akaufuta mkono ambao haukuwa na kitu. "Sijawahi kuziona," akasema. "Hata zile za kwanza. Ulinitajia ukizibandika, nikashika mpangilio. Siku ile ulirudi unapiga mluzi, baba watoto. Ningekwambiaje?"

Baba akakaa sakafuni na lile kopo, akalia kwa sauti, mtu ambaye sijapata kuliona chozi lake. Mimi nikatoka mbio kutafuta teksi.