Maziwa ya Njiani

Mtungi wa plastiki uliojaa maziwa hadi shingoni hautoi sauti unapobebwa. Ukipungua vikombe vitatu au vinne, maziwa huanza kuruka ndani, na kila hatua unasikia chubwi, chubwi, kama mtu anakufuata nyuma na viatu vilivyolowa. Hiyo ndiyo sauti ninayoikumbuka kutoka likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi upande wa Gotu, mwendo wa saa moja na nusu kutoka barabarani, na ulikuwa wakati wa kiangazi. Vumbi lilikuwa laini kama unga, likiingia katikati ya vidole vya miguu na kukaa humo hadi jioni. Mama alitangulia na mitungi miwili mgongoni mwa punda, nami nikafuata na fimbo, nikinusa moshi wa kuni uliobaki kwenye mitungi, kwa sababu kila jioni aliiosha kisha akaifukiza ili maziwa yasiharibike mapema. Niliwahi kumuuliza moshi unafanya nini hasa kwenye maziwa. Alisema unayatunza. Nikauliza unayatunza vipi. Akaniambia nimpige punda, amesimama.

Mbuzi wetu walikuwa wamekufa katika ukame wa mwaka uliotangulia, na baba alikuwa amehamia mbali na ng'ombe wachache waliobaki. Mama alibaki na ngamia watano aliopewa na kaka zake, na nafasi moja katika kikundi cha akina mama kumi na wawili. Kila asubuhi walikutana kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, wakakusanya maziwa ya ngamia, kisha pikapu ikayapeleka mjini Isiolo. Mengine yaliuzwa huko huko mtaa wa Bulla Pesa, mengine yakapanda basi kwenda Nairobi. Mnunuzi wa mjini alikuwa na sharti moja: alichukua mtungi uliojaa au hakuchukua kabisa. Nje ya kikundi hapakuwa na pikapu wala mnunuzi. Mwanamke aliyepoteza nafasi yake alikaa nyumbani akitazama maziwa yakichacha, na tayari kulikuwa na wanawake wengine waliokuwa wakingojea nafasi. Unga wetu, sukari yetu na sare yangu ya shule vilitegemea mitungi ile miwili.

Tatizo lilikuwa njia. Kwetu, kwa Waborana wa rika la mama, mtu akikuomba maziwa unampa. Kuyauza kwenyewe kulikuwa kitu kipya, na baadhi ya wazee walikitazama kama aibu ndogo ambayo ukame ulikuwa umewalazimisha kuivumilia. Kumnyima mtu mwenye kiu huku mtungi uko mgongoni mwa punda ilikuwa aibu kubwa, isiyovumilika. Kwa hiyo tulisimama. Tulisimamishwa na mchungaji aliyekuwa amelala porini bila chakula, tukasimamishwa na mwanamke mjamzito aliyetoka kuteka maji, tukasimamishwa na wanaume waliokaa karibu na kisima wakizungumzia mvua. Mjomba Jarso, binamu wa mama, alikuwa kila siku ameketi kwenye jiwe lile lile akilalamika kwamba koo limemkauka. Nilianza kumshuku siku nilipoona anatoa kikombe chake mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Nilimuuliza kama koo lake hukauka saa ile ile kila siku. Alicheka mpaka akakohoa. "Dada," akamwambia mama, "huyu mtoto wako ataolewa na nani? Labda polisi." Mama akamjazia kikombe.

Tulipofika kibandani, mtungi mmoja ulikuwa ukipiga kelele yake. Mwanzoni wenzake mama walimjazia kutoka kwenye maziwa yao, wakinyamaza. Kisha wakaacha kunyamaza. Mwenyekiti wao, Mama Hadija, mwanamke mpole aliyeongea kwa sauti ya chini hata akiwa amekasirika, alimwita mama kando akamwambia kwamba kikundi hakiwezi kuendelea hivyo. Mtungi wake ukija pungufu mara nyingine, nafasi itapewa mtu mwingine. Mama hakujitetea. Hakutaja mtu hata mmoja aliyekunywa. Nilimuuliza njiani kwa nini hakusema, akanijibu kwamba ukishampa mtu maziwa hutangazi jina lake.

Kesho yake tulipita kisimani kama kawaida, tukasimamishwa kama kawaida. Tulipoondoka, ndama wa jirani alikuwa amenasa kwenye miiba, na mama akaenda kumtoa. Niliachwa peke yangu na punda, mitungi, na kibuyu chetu cha maji. Sikuwa na nia mbaya. Darasani mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba sehemu kubwa ya maziwa ni maji, nami nililipenda somo hilo kwa sababu lilikuwa na jibu. Niliwaza kwamba nikiongeza maji nitakuwa naongeza kitu ambacho tayari kimo. Nilifungua mtungi uliopungua, nikamimina mpaka shingoni, nikafunga. Mama aliporudi na mikono yenye mikwaruzo, tuliendelea na safari. Mtungi haukutoa sauti. Nadhani alifikiri Mungu amemsaidia, au labda alikuwa amechoka na hakufikiri lolote.

Aliyepima maziwa kibandani alikuwa Akko Gumato. Akko kwetu ni bibi, na yeye alikuwa bibi wa kila mtu. Hakuwa na kifaa chochote. Alichovya kijiti safi ndani ya mtungi, akadondosha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba, akalitazama. Tone la maziwa halisi hukaa pale limevimba kama ushanga. La mtungi wetu lilitawanyika likateleza hadi kwenye ngozi. Alirudia mara ya pili, kisha akaufunga mtungi polepole na kuusukuma kando. Wanawake wote waliona. Kuleta mtungi pungufu lilikuwa kosa, lakini kutia maji lilikuwa jambo la kuvunja kikundi, kwa sababu maziwa yote yalimiminwa pamoja yakifika mjini, na mtungi mmoja ungeweza kuwapotezea mnunuzi wote kumi na wawili.

Mama aliutazama ule mtungi, akanitazama mimi, akaelewa. Kisha akasema, "Ni mtungi wangu."

Mama Hadija alimwambia kwa sauti ile ile ya chini kwamba arudi nyumbani. Mama akaanza kufungua kamba za punda. Hapo ndipo niliposema kwamba ni mimi niliyetia maji. Nilitarajia kofi. Akko Gumato aliniuliza tu kwa nini, nikasema mtungi ulikuwa pungufu. Akauliza kwa nini ulikuwa pungufu.

Mimi sikuwa nimempa mtu maziwa, kwa hiyo sikuona sababu ya kuficha majina. Nilianza na Mjomba Jarso na kikombe chake cha mfukoni. Nikamtaja mchungaji, nikamtaja yule mjamzito. Nikawataja wanaume wa kisimani mmoja mmoja, na wa tatu alikuwa mume wa Mama Hadija. Wa nne alikuwa mwana wa Akko Gumato.

"Huyo," Akko akasema, "hata nyumbani kwangu anakunywa."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, isipokuwa Mama Hadija, aliyejifunika uso kwa ushungi. Baada ya kicheko, mwanamke mmoja kijana alisema jambo ambalo lilimwia gumu kulisema. Mitungi yake hufika imejaa kwa sababu yeye huzunguka nyuma ya kilima, njia ndefu yenye miiba, ili asikutane na watu. Mwingine akasema naye hupita huko huko. Mwingine huondoka kabla hakujapambazuka. Kumbe karibu wote walikuwa wakijificha wasiombwe, na kila mmoja alidhani ni yeye tu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa bado anapita njia kuu.

Walizungumza muda mrefu hadi dereva wa pikapu akalalamika. Mwishowe wakaamua kwamba maziwa ya asubuhi yasiguswe, ila kila mwanamke abebe kibuyu kidogo cha maziwa ya jioni, ambayo mnunuzi hakuyataka kwa kuwa kufikia asubuhi huwa yameanza kuchacha. Hayo yangekuwa ya njiani. Mama alibaki katika kikundi, ila mitungi yake ilipimwa ya kwanza mpaka mvua zilipokuja. Maziwa yaliyotiwa maji tuliwapa mbwa. Tulipokuwa tunarudi aliniambia kitu kimoja tu, bila kugeuka: "Wewe unauliza kila kitu. Hicho kimoja tu ndicho hukuuliza."

Nimesoma uchumi chuo kikuu, nimekaa kwenye warsha nyingi za kuwainua wanawake wa vijijini, na nyingi zimenichosha. Huko mtu anakuja na jibu kabla ya kujua nani anakaa kisimani. Leo kibanda cha mabati kimekuwa nyumba ya mawe yenye jokofu linalotumia umeme wa jua, na maziwa hupimwa kwa kifaa cha kioo. Wanawake ni zaidi ya arobaini. Sidanganyiki kwamba yote ni mazuri. Mnunuzi bado ndiye anayepanga bei, na kiangazi bado kinaua. Lakini hakuna anayepita tena nyuma ya kilima, na wasichana wao wako shuleni.

Mwaka huu magoti ya mama yamekataa, na kikundi kimeniuliza kama nitachukua nafasi yake. Nimewauliza maswali wiki mbili: jokofu ni mali ya nani, kwa nini tusimtafute mnunuzi wa pili, kwa nini mwenyekiti habadilishwi. Mengine wameyajibu vizuri. Kwa mengine mawili Mama Hadija aliniambia kwa sauti yake ya chini kwamba nije niyaulize nikiwa mwanachama. Jumatatu nitapeleka mitungi miwili.