Mkasi Uliotolewa

Mume wangu ana tiba moja tu ya kompyuta: kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ikiwa nzito, ipigwe windo. Isipotoa sauti, ipigwe windo. Nadhani hata kioo kikipasuka atasema tupige windo kwanza, tuone. Wiki ile akaichukua laptop yetu bila kuniuliza, akampelekea binamu yake wa Segerea. Ikarudi kwetu Madale inawaka upesi kweli, naye akajisifu kutwa nzima.

Ijumaa asubuhi nikaona kilichotoweka. Ile programu ya kukata picha ya skrini, yenye alama ya mkasi, haikuwepo.

Siku nyingine ningeacha. Lakini baada ya sala ya Ijumaa mama alikuwa aongee kwa video na mdogo wake, mama yangu mdogo anayeishi Maskati, na Jumatatu yake mama mdogo alikuwa anafanyiwa upasuaji wa moyo. Walitaka kupeana radhi, kama tufanyavyo kwetu mtu akikabili safari au kisu. Nasi hatukuwa na picha hata moja ya hao wawili pamoja. Mama hapigwi picha. Ukimwelekezea simu anajifunika uso kwa kanga na kukuuliza, "Ya nini? Mnataka ya kutangazia msiba?" Na mdogo wake ni vilevile, maana tangu utotoni humuiga dada yake kwa kila kitu.

Basi nilikuwa nimeshapanga. Waongee kwenye laptop, ambayo kioo chake kikubwa macho ya mama yanakiweza, nami nikae ubavuni kama ninayerekebisha sauti, niwakate wakicheka bila wao kujua.

Nikautafuta mkasi kila pembe. Kitufe cha kibodi cha kazi hiyo kiling'oka zamani, limebaki shimo. Nikazima, nikawasha. Wapi!

"Tupige windo tena," akasema mume wangu.

Nilimtazama mpaka akakumbuka kwamba ana kazi bustanini.

Nikampigia binamu.

"Aa, ile niliitoa, sista," akaniambia, tena kwa raha. "Ilikuwa inakula nafasi tu. Hii niliyokupigia ni windo nyepesi."

"Nani alikwambia uitoe?"

"Kwani mlikuwaga mnaitumia?"

Laiti simu ingekuwa na mkono! Nikamwambia aniambie namna ya kuirudisha, na kuhusu nafasi tutaongea siku nyingine. Akasema niingie kwenye duka la programu. Nikaingia wapi? Duka lenyewe alilitoa pia, lilikuwa zito. Mwenye kupunguza kapunguza mpaka mlango. Ikabidi anitumie faili la duka kwanza, nilipakue, nilisakinishe, ndipo duka linipe mkasi. Kwetu huku mlimani mtandao unapatikana dirishani tu, kwa hiyo nilisimama na laptop mikononi, bando linayeyuka, na mama ameshaoga, ameshajitanda kanga mpya, anauliza kila mara kwa nini hatumpigii mwenzake.

"Kuna kitu kinashuka, mama."

"Kinashuka kutoka wapi? Mpigie mwanamke wa watu, mwenyewe ana moyo mgonjwa."

Ikabidi nipige huku mkasi ukiwa bado njiani. Wakaonana. Wakalia kidogo, wakapeana radhi, kisha mama mdogo akakumbusha jinsi walivyokimbizwa na bata Kawe wakati wa utoto, na mama akacheka hata kanga ikamteleza begani. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu baba afariki. Na mimi nautazama mshale wa kupakua! Nilitamani kulia kwa hasira.

Wakiwa bado kwenye bata, mkasi ukatokea. Nikaubonyeza haraka. Nilichosahau ni kwamba ukiubonyeza, skrini yote hufifia kwanza, kabla hujachagua cha kukata.

"Mbona kumeingia giza?" mama akashtuka. Akanigeukia, akauona mkono wangu. Akapiga ukelele kuelekea Maskati: "Jifunike, mdogo wangu! Huyu anatupiga picha!"

Wakajifunika. Nikakata hivyohivyo, kwa kisirani. Nikapata kanga mbili na macho manne yanayocheka.

Nilimlaumu mume wangu, nikamlaumu binamu, nikaulaumu na mlima wa Madale. Nikajipa moyo kwamba mama mdogo akishapona tutajaribu tena.

Jumatatu mama mdogo hakuamka.

Hitima ilipokwisha na wageni walipoondoka, mama akaja kuketi karibu yangu. Hakuniangalia.

"Ile picha uliyotupiga kwa kutuibia, unayo bado?"

Nikamfungulia. Akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akakifuta kwa ncha ya kanga, akatazama tena, kwa muda mrefu. Akamgusa mdogo wake pale kanga ilipoishia na macho yalipoanza.

"Msikivu huyu," akasema. "Nimemwambia ajifunike, kajifunika."

Kisha akanigeukia, machozi yanamtoka, sauti yake ileile ya kunikaripia.

"Na wewe! Mbona hukuwahi kabla hatujajifunika?"